Mawese Juu ya Bati Jipya

Kigoma, Mwanga
14 Oktoba 1997

Kwako Baba Mdogo Isaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo Jovita, na kwamba lile goti lako halijakuzuia kupiga kelele. Mimi ni mzima, kama kuishi Kigoma nako kunahesabiwa kuwa uzima.

Najua hukutegemea barua yangu. Ni miaka miwili tangu uliponiambia mbele ya wateja kwamba mimi ni mkono wa msasa tu, na kwamba nitakufa mpiga msasa. Siku ile sikukujibu. Nilichukua begi nikapanda treni mpaka inapoishia, kwa sababu nilitaka kuwa mbali nawe kadiri reli inavyofika. Sasa nakujibu.

Niko kwenye gereji ya mtu anaitwa Oswald. Kazi ipo. Vita vya Burundi na vya Kongo vimejaza wakimbizi makambini njia ya Kasulu. Wakimbizi wameleta mashirika, mashirika yameleta magari, na magari hayo yanaendeshwa na watu ambao nadhani walifumbuliwa macho juzi. Kila wiki moja linalala mtaroni. Oswald anayapokea yote. Huyo Oswald alikuwa mnunuzi wa dagaa, na mpaka leo hajui tofauti ya rangi ya chini na uji wa ulezi.

Sasa tuna magari manne ya wagonjwa, ya shirika moja, yamebomoka pua na ubavu. Na yapo mabati yake kutoka ng'ambo: milango minane, madigadi manane, boneti nne. Mapya, Baba Mdogo. Wewe na mimi tumezoea mabati ya magari yaliyokufa. Haya hayajawahi kukaa kwenye gari. Yana rangi nyeusi ya kiwandani, nyembamba, sawasawa kila mahali. Oswald amesema atakayeyaandaa vizuri mpaka yapokee rangi nyeupe ya shirika ndiye atakuwa mkuu wa rangi hapa gerejini. Nitakuwa mimi. Nakuandikia ili ujue mapema.

Sikia ujinga wa huku. Mabati hayo yako stoo tangu Machi, shirika lilikuwa halijaleta karatasi zake. Nimeyakuta yamepakwa mawese. Mawese! Mafuta ya kupikia migebuka! Mkuu wa rangi wa sasa ni mzee mmoja Muha wa Kidahwe, anaitwa Nikodemu. Ameyapaka yote kwa tambara, mbele na nyuma, eti yasishike kutu. Stoo inanuka kama jiko la harusi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamuuliza, "Mzee, haya utayapaka rangi au utayakaanga?"

Akaniangalia, akasema, "Bwakeye, mwana wanje." Kwa lugha yao ni kumwambia mtu habari za asubuhi, mwanangu. Ilikuwa saa nane mchana.

Watu wa namna hiyo ndio wanaoongoza kazi huku.

Msalimie Mama Mdogo.

Mwanao,
Nickson

*

Kizota, Dodoma
2 Novemba 1997

Mwanangu Nickson,

Marahaba. Mama yako Mdogo amesoma barua yako mara tatu, ameilalia. Mimi nimeisoma mara moja, imenitosha. Goti linauma. Kelele napiga nikiwa nimekaa.

Miaka miwili umekaa kimya kama marehemu, halafu unafufuka na majivuno. Unataka nikupigie makofi kwa kazi ambayo hujaifanya. Kazi ikiisha, andika. Kabla ya hapo unachokiandika ni kelele, na mimi kelele ninazo zangu.

Kuhusu mawese sina ubishi nawe. Huyo mzee hana akili. Rangi haikai juu ya mafuta. Hata mama yako Mdogo anajua hilo, na yeye hajawahi kushika bunduki ya rangi.

Na hiyo rangi nyeusi ya kiwandani usiibusu. Umesahau nilichokufundisha? Usiiamini rangi ya mtu mwingine. Kwangua mpaka bati likuonyeshe weupe wake, ndipo uanze. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita na hakuna mteja aliyerudi kunilalamikia, ila wale walevi.

Usiniaibishe huko. Watakuuliza nani alikufundisha.

Baba yako Mdogo,
Isaka

*

Kigoma, Mwanga
3 Desemba 1997

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo, na poleni kwa goti. Nasema poleni kwa sababu najua likikuuma wewe, wanaougua ni nyumba nzima. Mimi sijambo. Mvua huku inanyesha kama imekodiwa.

Kazi nimeipata. Mimi ndiye mkuu wa rangi. Nakusimulia ilivyokuwa.

Nilichukua mlango mmoja wa kwanza, nikaufuta mawese kwa petroli, nikausugua, nikaupiga kopo la mwisho la rangi ya chini tulilokuwa nalo. Baada ya muda mfupi rangi ikaanza kufunguka vitundu vya duara, mlango mzima, kama macho ya dagaa waliomwagwa juani. Nilipiga ukelele mpaka mafundi bodi wakaacha nyundo. Oswald akaja na kalamu sikioni. Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Bosi, haya ni mawese ya mkuu wako. Bati limeyanywa."

Mzee Nikodemu alikuja taratibu, akainama. Akaniuliza, "Uliufuta na nini?"

"Petroli."

"Tambara ngapi?"

Nikamwambia mimi sikuja Kigoma kuhesabu matambara. Watu wakacheka. Oswald naye akacheka, maana bosi asiyejua kazi huwa anacheka pale wengine wanapocheka. Halafu akakumbuka kwamba shirika linamsukuma, akakasirika. Akamwambia mzee aende nyumbani akapumzike, na asirudi mpaka aitwe. Hakuna aliyeuliza ataitwa lini.

Mzee alichukua koti lake na kikombe chake cha bati. Alipopita stoo aligusa mlango mmoja ulioegeshwa ukutani, akanusa vidole, akaenda zake barabarani kudandia lori la Kidahwe.

Sasa nafanya kama ulivyonifundisha. Petroli, brashi ya waya, msasa. Nimevua kila kitu, mawese na ile rangi nyeusi, mpaka weupe. Mabati kumi na manane yamekwisha, yamepangwa ukutani yanang'aa kama sahani za kanisani. Zimebaki boneti mbili tu. Rangi ya chini imeagizwa Dar es Salaam, inakuja kwa treni, makopo kumi na mawili. Ikifika tu, nayavisha yote kwa siku moja.

Ulisema nitakufa mpiga msasa. Sasa mimi ndiye ninayewapa wengine msasa.

Mwanao,
Nickson, Mkuu wa Rangi

*

Kizota, Dodoma
19 Desemba 1997

Nickson,

Salamu baadaye.

Umeandika kwamba rangi ya chini inakuja kwa treni. Kwa hiyo haipo. Na mabati kumi na manane umekwisha kuyavua. Soma tena maneno hayo mawili yakiwa pamoja, uone kama yanakutisha. Mimi yamenitisha nikiwa Dodoma.

Nani alikwambia uvue kabla kopo halijawa mkononi? Kweli, hapa kwangu bati lilikaa uchi wiki nzima na halikudhurika. Hapa ni Dodoma! Hewa yetu ni kavu kama unga, hata mate yanakauka kabla hayajafika chini. Wewe uko kando ya ziwa, na mwenyewe unaandika kwamba mvua imekodiwa. Bati jeupe kwenye hewa hiyo litakuwa jekundu kabla hujamaliza kuwagawia watu msasa.

Zile boneti mbili usiziguse. Hayo kumi na manane yapake kitu leo hii. Grisi. Oili chafu. Kama hakuna, yapake hayo mawese ya yule mzee na ufunge mdomo. Utasafisha baadaye.

Nimempa kijana wa posta barua hii mkononi na nimemwambia iondoke na treni ya leo.

Isaka

*

Kigoma, Mwanga
25 Januari 1998

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Si wewe peke yako, hakuna aliyepata chochote. Reli imekatika kwa maji, wanasema sehemu nyingi, na hakuna treni iliyofika hapa tangu kabla ya Krismasi. Barua hii nayo itakaa kwenye gunia. Naiandika kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia.

Mabati yameshika kutu.

Ilianza kama vumbi la rangi ya chungwa. Siku ya tatu baada ya kukuandikia nilipitisha kidole, kikatoka na rangi. Nikapiga msasa. Kesho yake ikarudi. Nikapiga tena, ikarudi na ndugu zake. Hewa ya huku ina maji, stoo inavuja, ukuta unatoka jasho. Nilitafuta rangi ya chini Kigoma nzima na Ujiji. Duka moja walinionyesha rangi ya kupakia mitumbwi. Lingine walinionyesha chokaa. Sasa kwenye mikunjo ya milango, mahali msasa haufiki, kutu imeanza kula.

Huku wale wa shirika wanakuja kila Jumatatu na miwani yao kuuliza magari. Juzi dereva wao mmoja alinifokea. Akasema wajawazito wa kambini wanaletwa hospitali juu ya malori ya maharage, na mmoja amejifungulia njiani, kwenye mvua, chini ya turubai. Nilimjibu kwamba kama wasingeyalaza magari mtaroni wasingekuwa na haja ya malori. Aligeuka akaondoka. Nilidhani nimemshinda.

Sasa nisikilize, maana hili sijamwambia mtu. Zile boneti mbili ambazo sikuzifikia, nilizisukuma nyuma ya matairi nikazisahau. Jana nilizitoa. Zina mawese yake, yameshika vumbi, yamekuwa kama ngozi. Nilifuta kidogo kwa kucha. Chini yake ile rangi nyeusi iko kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna hata nukta ya kutu. Stoo ileile, ukuta uleule, mvua ileile.

Oswald hajaziona. Anapita anatazama mabati yangu mekundu, anatikisa kichwa, anasema, "Sumu ya yule mzee imeingia mpaka ndani ya chuma. Afadhali nilimwondoa." Anasema hivyo kwa wateja. Amesema hivyo kwa wale wa shirika.

Nami nasimama pale na msasa mkononi, nanyamaza.

Nimezirudisha boneti nyuma ya matairi.

Mwanao,
Nickson

*

Kigoma, Mwanga
8 Machi 1998

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Treni imefika. Mji mzima ulikwenda stesheni kana kwamba imebeba jamaa zao waliopotea.

Nilikwenda na mkokoteni kuchukua makopo ya rangi. Niliporudi nikamkuta mtu wa posta ameacha barua kwa Oswald. Barua yako ya tarehe kumi na tisa Desemba. Imekuja na treni ileile iliyoleta makopo, Baba Mdogo. Yawezekana ilikuwa behewa moja. Nililikalia kopo nikaisoma. "Yapake hayo mawese ya yule mzee na ufunge mdomo." Nilitamani nikutukane, lakini huwezi kumtukana mtu aliyesema kweli miezi mitatu iliyopita.

Sasa niko hivi. Oswald anataka nipake rangi juu ya kutu. Anasema, "Piga puti, piga nyeupe, wayachukue. Ikichubuka mwakani tutasema ni barabara." Inawezekana. Itakaa miezi minne, mitano, halafu itavimba malengelenge na milango itatoboka kwa chini. Nami nitaendelea kuitwa mkuu. Na mzee atabaki ndiye aliyetia sumu.

Au nizitoe zile boneti mbili nimwekee Oswald mezani. Nikifanya hivyo najua nitakakokwenda.

Sijui namna ya kuyasafisha kwa haki mpaka kwenye mikunjo. Sijui hata zile boneti nzima nitazitoaje mawese bila kupata macho ya dagaa tena. Anayejua yuko Kidahwe.

Wewe ndiye mkubwa wangu. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Nickson

*

Kizota, Dodoma
29 Machi 1998

Nickson,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika siku moja, ya Januari na ya Machi. Nimezisoma kwa kufuatana, kama mtu anayetazama gari likienda korongoni.

Unaniuliza ufanye nini. Miaka miwili hukuwa na la kuniuliza. Ulipokuwa unamcheka mzee wa watu hukuniuliza. Ulipojitia cheo chini ya jina lako hukuniuliza. Leo mdomo umekukauka ndipo unanikumbuka kwamba mimi ni mkubwa wako.

Mimi nilikufundisha msasa. Nilikufundisha puti, na namna ya kushika bunduki ya rangi isije ikatiririka kama machozi juu ya bati. Kula kazi ya mtu mwingine huku umesimama kimya sikukufundisha. Hilo umejifunzia hukohuko, na naona umelijua haraka kuliko puti.

Unajua la kufanya. Ungekuwa hujui usingezificha hizo boneti.

Mama yako Mdogo anasema urudi nyumbani. Mimi sisemi hivyo. Ukirudi kabla hujalimaliza hilo, mlango wa gereji yangu usiuone.

Isaka

*

Kigoma, Mwanga
17 Mei 1998

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila vidole. Utajua sababu ukiendelea kusoma.

Nilimwekea Oswald boneti mbili mezani, juu ya karatasi zake. Nikaifuta moja sehemu ya ukubwa wa kiganja, nikamwambia, "Bati hili ni la Mzee Nikodemu." Nikaweka mlango wangu mmoja pembeni. "Hili langu." Nikamwambia yote, na tambara moja lililojaa mafuta nililofutia mlango wa kwanza, na rangi nyeusi niliyoikwangua.

Unadhani aliona aibu? Aliniuliza, "Sasa ulikuwa na haja gani ya kusema?" Kwake kosa langu lilikuwa ni kusema. Halafu akafikiri kidogo, akakumbuka wale wa miwani, akaniambia, "Nenda ukamlete. Na ukishamleta, wewe tutaona."

Nikaenda Kidahwe. Niliwakuta nyuma ya nyumba, yeye na mkewe, Mama Veneranda, wanachemsha chikichi za mawese kwenye pipa. Moshi mtupu. Niliamkia. Mama akaniitikia vizuri, akaniuliza natokea wapi. Mzee akamwambia, "Huyo ndiye fundi wa Dodoma."

Mama akanitazama kuanzia viatu. "Huyu? Jinsi ulivyokuwa unamsimulia nilidhani ni mkubwa."

Mzee akaniuliza, "Umekuja kuniomba radhi, au umekuja kuuliza namna ya kuyatoa?"

Nikasema, "Yote mawili, Mzee."

"Anza na lile lililokuleta."

Nilisimama pale, Baba Mdogo, moshi unanichoma macho, na nikajua kwamba nikisema radhi ndiyo iliyonileta atajua ni uongo. Nikasema, "Namna ya kuyatoa."

Mkewe akacheka mpaka akaachia mti wa kukorogea. "Angalau huyu si mnafiki!"

Ndipo nikaomba radhi. Alisikiliza huku anakoroga. Nilipomaliza akasema, "Nilifanya kazi karakana ya meli kabla hujazaliwa. Kule kila chuma kinachosubiri tunakipaka mawese. Tabaka jembamba, kama jasho. Nimefanya hivyo miaka yote, na wewe hukuniuliza hata swali moja. Uliuliza kama nitayakaanga."

"Ndiyo, Mzee."

"Nilicheka nilipofika nyumbani," akasema. "Ilikuwa inachekesha. Lakini nilicheka nikiwa sina kazi."

Amerudi. Oswald alitaka kunifukuza siku hiyohiyo, apate wa kumtwisha lawama mbele ya shirika. Mzee alikataa. Usidhani ni huruma. Alisema hivi, mbele ya mafundi wote: "Asifukuzwe huyu. Akifukuzwa atakwenda kuharibu mabati ya watu wengine. Mwacheni hapa nimwone. Apige msasa."

Kwa hiyo nimepiga msasa. Wiki nne. Mabati kumi na manane, kila mkunjo, na kipande cha waya kilichozungushiwa msasa pale mkono usipofika. Milango miwili ilikuwa imekwisha kuliwa, ikabidi mafundi bodi waikate chini na kuunga upya. Hakuna bati lililolala uchi. Nikimaliza moja, mzee analipiga rangi ya chini siku ileile kabla ya jua kuzama, na kama jua halipo hanipi lingine. Ndani ya milango, mahali hakuna atakayepaona, anamimina nta iliyoyeyushwa na oili. Nilimuuliza nani atapaona. Akasema, "Maji."

Zile boneti mbili alizisafisha mwenyewe. Rangi nyeusi ya kiwandani hakuikwangua. Aliipitishia msasa laini tu, kama anayemfuta mtoto uso. Akasema wale walioipaka hawakuwa wajinga, na kwamba hiyo ndiyo nguo ya ndani ya bati, unavaa juu yake, huivui. Wewe uliniambia niivue, Baba Mdogo. Silaumu. Naandika tu.

Magari matatu yameondoka. La nne linaondoka Jumatano. Yule dereva aliyenifokea alikuja kuchukua lake, akazunguka analitazama, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyepaka?" Nikamwambia mimi ni wa msasa.

Kwa hiyo furahi. Ulisema nitakufa mpiga msasa, na ndivyo nilivyo. Ila naona sikuwa hata huyo wakati ule uliponitukana.

Nakutumia kwa mkono wa mpiga breki mmoja wa treni chupa ya mawese ya Mama Veneranda. Msipikie yote. Namna mzee anavyoyaondoa kwenye bati ninaijua sasa, lakini sikuandikii. Tangu nikufahamu hujawahi kumuuliza mtu yeyote kitu chochote. Ukitaka kujua, uliza.

Mwanao,
Nickson

*

Kizota, Dodoma
2 Agosti 1998

Mwanangu Nickson,

Marahaba. Huku wazima. Goti limepoa, ni kipupwe. Mama yako Mdogo anakusalimu sana na anasema mawese ya Mama Veneranda yalikuwa matamu. Alipata nusu chupa. Nusu nyingine niliichukua kabla hajaiona.

Nilikuwa na bati kuukuu la boneti ya pikapu, nyuma ya nyumba. Nikalikwangua lote mpaka weupe. Upande wa kushoto nikaupaka mawese, tabaka jembamba, kama jasho, ndivyo ulivyoandika. Upande wa kulia nikauacha. Mvua huku hakuna mpaka Desemba, kwa hiyo nililimwagia maji mwenyewe kwa ndoo, kila asubuhi, siku arobaini. Majirani wameanza kusema nimerukwa na akili, nanywesha chuma. Waache waseme, hakuna kati yao anayejua hata kushika nyundo.

Upande wa kulia umekuwa mwekundu kama udongo wa njia ya Kondoa. Wa kushoto ni mweupe.

Halafu kuna hili jingine. Miaka ishirini na sita nimewaambia watu usiiamini rangi ya mtu mwingine. Nilikaa nikafikiri ni lini nimewahi kushika bati jipya la kiwandani, lenye ile rangi nyeusi. Sijawahi. Hata moja. Yote niliyoyavua yalikuwa ya magari yaliyoanguka, rangi zake zimekufa, na hayo ndiyo niliyokufundishia. Wewe ulikwenda ukakuta yaliyo hai ukayavua vilevile, kwa sababu mimi nilisema. Nilikuwa nafundisha nisichokijua, kwa sauti kubwa, mbele ya wateja.

Mwezi uliopita walikuja watu wa mradi mmoja na gari lao na milango miwili mipya. Iko ndani imeegemea ukuta. Ina rangi nyeusi. Nimeipaka mawese yaliyobaki nikingoja rangi ya chini kutoka Dar es Salaam. Sasa rangi imefika, kopo liko mkononi, na nimesimama hapa na petroli na tambara, na sithubutu kuanza.

Mwambie Mzee Nikodemu shikamoo yangu. Mwambie ni mtu wa Dodoma, aliyemfundisha yule wa kwanza.

Anayatoaje? Nauliza.

Baba yako Mdogo,
Isaka